Usiwashe Pikapu

Baba Hillary,

Usiwashe pikapu, hata kwa kuunganisha waya! Petroli uliyoenda kutafuta huko Saboti haitasaidia.

Asubuhi injini ilipotetemeka na kulipuka kwa ekzosi, ulimfukuza shemeji yako Kizito ati ametuletea petroli mbaya ya mpakani Lwakhakha. Sasa mimi nimefungua kava. Ile taiming belti uliyofunga jana imeruka jino moja; hiyo ndiyo ilitetemesha injini, si petroli ya Kizito. Zile alama ulizochora na rangi yangu ya kucha haziangaliani. Si nilikuambia hivyo jana nikikushikia tochi? Ukasema nisikufundishe kazi.

Ukilazimisha, valvu zitagonga pistoni na injini itakufa. Rudisha hilo jino, kisha zungusha injini na spana, pole pole.

Chai iko kwa thamosi. Kizito aliondoka bila kunywa.

Nimemfuata Bungoma, na ufunguo niko nao. ~~Nitarudi jioni.~~ Nitarudi ukishampigia simu umwombe msamaha.

Mama Hillary