Dohani ya Nyumba ya Mama Jaya

Kaka yangu Hemedi,

Najua hukupenda barua. Ulikuwa ukisema mwenye neno apige simu, na asipokupata aje mwenyewe. Kukupigia siwezi tena, na huko uliko bado sijaitwa, kwa hiyo nivumilie. Naiandika wazi, wengine nao waisome, kwa sababu jambo lile walilisikia wote, kuanzia Tottenham hadi Tanga, na walilisikia sivyo.

Unakumbuka siku nilipokwambia nimechoka na kazi ya kutunza wazee, nataka unifundishe ufundi wako? Ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Zuhura, wewe utaingia chini ya sakafu za watu, kwenye buibui na panya?" Nikakujibu kwamba nimeshasafisha mambo mabaya kuliko panya. Hapo ukaacha kucheka. Jumatatu yake ulinipitia na gari lako lililojaa mabati, ukanipa glavu, ukasema, "Usiguse kitu kabla hujakitazama." Nikawa nasoma chuoni huku nafanya kazi na wewe, na siku nilipopata leseni yangu ya gesi uliipiga picha ukawatumia ndugu zetu wote, kama vile nimeolewa.

Miezi michache baadaye tukaitwa Hayes, magharibi mwa London, kwa Mama Jaya.

Kwa wasiomjua, Mama Jaya ni bibi wa Kihindi, mzaliwa wa Mwanza, mjane anayekaa peke yake, na Kiswahili chake kinawashinda watoto wetu waliozaliwa hapa. Nyumba yake haikuwa na radieta, yale mabati ya ukutani yanayopitisha maji moto, kama nyumba nyingi za London. Ilikuwa na mtambo wa gesi wa zamani, umefungiwa kabatini, unaopasha hewa na kuisukuma vyumbani kupitia njia za bati zilizopita chini ya sakafu. Ukiwaka, vikombe vilitetemeka. Mafundi wawili walishamshauri ang'oe kila kitu aweke boila. Akakataa. Alitaka hewa ile ile ya moto aliyoizoea na marehemu mumewe, na safari hii iwe na ya baridi pia, maana majira ya joto ya siku hizi yanamkosesha raha.

Ulipiga magoti kabatini ukamulika tochi kwa muda mrefu. "Inawezekana, Mama. Ila nipe siku nne. Atakayekwambia mbili, mfukuze."

Sijaona tena kazi kama ile. Mdomo wa mtambo mpya tuliouleta haukulingana na njia za zamani. Dukani walikuwa na kiungo kilichokaribiana, ambacho fundi mwingine angekilazimisha na kukipaka gundi. Wewe ulikirudisha. Ulichana boksi tupu la nafaka ulilolikuta jikoni, ukakata kielelezo, ukakijaribisha, ukakikata upya, halafu ukaketi uani na mkasi wa bati na nyundo, ukakunja kiungo chako mwenyewe, pindo baada ya pindo. Kiliingia bila kusukumwa. Kisha ukawasha feni peke yake, ukatoa udi mfukoni, ukawa unapitisha moshi wake kwenye kila kiungio uone pumzi inavujia wapi. Mama Jaya akasimama mlangoni.

"Fundi, mbona unanifukizia nyumba? Kwani kuna harusi?"

"Hewa hii ikivuja, Mama, utakuwa unawapasha moto panya walio chini, na wewe huku juu unatetemeka."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Nami nilikutazama nikawaza, siku moja na mimi watu watanitazama hivi. Nadhani balaa lilianzia hapo hapo.

Siku ya tatu ulikwenda kufunga mashine ya kiyoyozi kwenye ukuta wa nje. Dohani, lile bomba linalotoa moshi wa gesi nje ya nyumba, uliniachia mimi. "Iunge, kaza skrubu tatu, halafu niite niione kabla hujaifunika kwa ubao."

Niliiunga vizuri. Nikakaza skrubu ya kwanza, betri ya drili ikaisha. Nikaichomeka ichaji. Mama Jaya akaniita, chai ya tangawizi ipo mezani, nikaenda. Niliporudi niliukuta ubao umeegemea ukuta, nikaanza kuufunga.

Hapa ndipo penye jambo ambalo sikukwambia mpaka unaingia kaburini. Wewe ulidhani nilisahau. Nilikumbuka, kaka. Ubao ulikuwa umefika nusu, nikakumbuka kwamba kule nyuma kuna skrubu moja tu. Ningeufungua. Lakini nilisikia viatu vyako mlangoni, nikaona aibu unikute nafungua nilichokwisha kukifunga. Nilikuwa na leseni kama yako, na nilichoka kukaguliwa kama mtoto. Nikajiambia bomba limekaa, nimelitikisa kwa mkono wangu.

Uliingia unafuta mikono. "Umekaza zote tatu?"

"Nimekaza."

Ukautazama ule ubao. Najua ulitaka kuufungua. Ukanitazama mimi, ukauacha. Kwa miaka minne nimeutafakari mtazamo ule, na kila nikiurudia naona ulikuwa ni heshima. Ulinihesabu fundi mwenzio siku ambayo sikustahili.

Ulipima moshi, vipimo vyote vikatoka safi. Ukafunga king'ora cha gesi sebuleni kwa mkono wako. Ukaandika jina lako kwenye cheti.

Baridi ilipokaza, mtambo ukawa unawaka kutwa, na mtikisiko mdogo wa feni ukalegeza bomba lile kidogo kidogo hadi likachomoka. Gesi ya sumu isiyo na harufu ikajaa kabatini, feni ikaigawa vyumbani. Mama Jaya alikuwa amelala usingizi wa mchana, na kila akilala huvua kifaa chake cha masikio. King'ora kililia asikisikie. Alikisikia Nila, binti yake, aliyekuja kumletea mboga. Alimburuta mama yake mpaka bustanini, kwenye mvua.

Hakufa. Alilala hospitali wiki kadhaa, akatoka mkono wa kulia unatetemeka, na mambo mengi yamefutika. Nila alituambia kwamba siku nyingine anamtafuta mumewe chumba kwa chumba.

Mkaguzi wa gesi alipofungua ubao alikuta skrubu moja tu. Tulikuwa tumesimama pamoja, mimi na wewe. Akauliza nani aliunga dohani. Nilifungua mdomo.

"Kazi yangu," ulisema. "Jina langu ndilo liko kwenye cheti."

Garini nililia, nikasema narudi nikamwambie ukweli. Ulishika usukani kwa mikono miwili bila kuwasha gari. "Utamwambia nini? Mimi ndiye niliyesaini nisichokiona. Na wewe ndiyo kwanza unaanza. Nyamaza, Zuhura." Nikanyamaza. Sitasema ulinilazimisha. Uliponiambia ninyamaze nilipata nafuu, na nafuu ile ndiyo inayoninyima raha hadi leo.

Walikunyang'anya leseni. Ukaenda kubeba maboksi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, wewe uliyekuwa ukikunja bati kama kitambaa. Msikitini watu waliacha kukuuliza habari za kazi. Hukunigombeza hata mara moja, mpaka siku unarudi Tanga moja kwa moja, tumesimama uwanja wa ndege na mizigo imeshapimwa. Hukuinua sauti. Ulisema, "Skrubu haikuniuma. Mtu yeyote husahau skrubu. Kilichoniuma ni vile ulivyoniambia umekaza." Ukanishika kichwa kama zamani nikiwa mdogo, ukaingia ndani. Mwaka uliofuata wifi akanipigia simu kwamba presha imekuchukua.

Na mimi huku nikastawi. Waswahili wa Woolwich na Tottenham wananiita kwa jina, fundi wa kike wa mitambo ya joto. Wakiniuliza nimefundishwa na nani, nilikuwa nawajibu chuo. Niliona haya kukutaja, kaka, kwa sababu jina lako lilikuwa limeharibika. Nililiharibu mimi, kisha nikalionea haya.

Mwezi uliopita niliwaandikia wakaguzi, nikaeleza kila kitu kama nilivyokieleza hapa. Wamejibu kwamba nisiguse gesi ya mtu mpaka waamue. Sijui wataamua nini. Wifi naye nilimpigia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Aliniambia ni yeye aliyesahau. Mpaka anakufa aliniambia ni yeye." Halafu akakata. Sijathubutu kumpigia tena.

Jumamosi nikaenda Hayes. Nila alifungua mlango, nikamweleza nikiwa nimesimama hapo hapo kizingitini. Anakielewa Kiswahili ila hujibu kwa Kiingereza. Alinijibu maneno ambayo nilistahili, akataka niondoke. Mama Jaya akaita kutoka sebuleni, nani huyo, aingie, baridi inaingia.

Hakunitambua mara moja. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake nikamwambia kwamba aliyekosea siye kaka yangu, ni mimi. Nikarudia mara tatu kwa sababu alikuwa akisahau tulipofika. Mara ya tatu ikamwingia. Niliuona uso wake ukibadilika, nikajiweka tayari kwa tusi.

"Yule fundi mwenye udi?" aliuliza.

"Ndiye, Mama."

"Nilimlaani." Aliushika mkono wake wa kulia kwa mwingine. "Mambo mengi nimesahau, lakini hilo sikusahau hata siku moja. Kila asubuhi nikiwasha taa mbele ya Mungu wangu, nilimtaja kwa ubaya. Yuko wapi nimwambie?"

"Amefariki, Mama. Mwaka juzi."

Hakulia. "Kwa hiyo nimemlaani maiti," alisema, "na maiti hana kosa. Sasa mimi nimwombe nani msamaha?"

Nila alikuwa analia jikoni. Mama Jaya hakunisamehe, na mimi sikumwomba, maana niliona nimemletea mzigo mwingine kwa mikono yangu. Aliniuliza tu jina lako kamili, akaniambia nimwandikie kwa herufi kubwa kwenye karatasi, asije akalisahau asubuhi akiwasha taa. Niliandika. Akaisoma polepole kwa sauti, neno kwa neno, na Nila akatoka jikoni akasimama kuisikiliza.

Hayo ndiyo yaliyotokea, kaka. Ulinificha nyuma yako muda mrefu kuliko nilivyostahili. Nimetoka sasa, na huku nje kuna baridi, lakini acha nibaki. Mungu akupumzishe.

Mdogo wako,
Zuhura