Injini Imefunguliwa Mara Moja, Ufundi Nimetozwa Mara Mbili

Mpendwa Bi. Verna,

Najua watu wanakuandikia gazetini mambo ya ndoa na mashamba na mimi nakuletea pikapu, ila ukivumilia hadi mwisho utaona kwamba hata langu ni la ndoa, kwa hiyo nakuomba sana unisaidie kabla sijafanya upumbavu wa pili juu ya ule wa kwanza, na majina tafadhali uyabadilishe.

Mimi ni mwalimu wa muziki, nilihamia mji huu mdogo wa jimbo la Saskatchewan, hapa Kanada, kwa sababu ya kuoa, na huku kwa wakwe zangu kila mwanamume amezaliwa na spana mkononi, hata mchungaji wetu hujibadilishia breki mwenyewe, mimi najua kufungua boneti na kuifunga, basi, na miaka yote hii nimejiokoa kwa kuitikia kwa kichwa, mtu akisema gasketi naitikia, akisema beringi naitikia na kuguna kidogo, wakadhani najua.

Sasa wiki iliyopita pikapu ilianza kuvuja maji ya kupozea injini, nikaipeleka kwa Gordie mwenye gereji, ambaye pia ndiye nahodha wetu kwenye mchezo wa kusukuma mawe barafuni, akanipigia simu kwamba pampu ya maji imekufa, nikamjibu kwamba ndivyo nilivyodhani, uongo mtupu, sikudhani chochote. Baadaye akapiga tena akasema, “Mwalimu, kwa kuwa tulikuwa tumeshafungua mbele yote ya injini, tumeona tuweke na mkanda mpya wa injini, maana unakaa hapo hapo. Wewe si unaelewa mambo haya.” Nikamwambia mmefanya jambo la maana sana.

Nilipokwenda kulichukua gari nikakuta bei ya spea haina neno, lakini pesa ya ufundi imeandikwa mara mbili, saa za kufungua injini kwa ajili ya pampu, halafu saa za kufungua injini ile ile kwa ajili ya mkanda, kana kwamba waliifunga, wakanywa kahawa, wakaifungua upya, jumla ikapita dola elfu mbili na mia nane, na mimi nikafanya nini, nikaitikia, nikasema nitarudi na pesa. Nilikuwa nusu ya njia kurudi nyumbani kwa miguu, baridi inakata masikio, ndipo lile neno lake la “tulikuwa tumeshafungua” liliponiingia akilini, lakini tayari nilikuwa nimeshakubali mbele ya watu, nikaona aibu kurudi, na Gordie hatoi gari mpaka alipwe.

Mke wangu Marlys hajui lolote, nimemwambia spea imechelewa kutoka Winnipeg, na yeye kila siku anataka kumpigia Gordie mwenyewe na mimi namzuia, na ubaya wenyewe uko hapa, baba yake, mzee Metro, anaishi nasi na ni mgonjwa wa figo, mara tatu kwa wiki lazima apelekwe hospitali ya mji mkubwa akasafishwe damu, kwa hiyo siku hizi tunamsumbua jirani. Jana mzee alishavaa koti na kofia yake, akakaa mlangoni, halafu akavivua vyote akasema, “Mwacheni jirani apumzike. Nikikosa siku moja sitakufa.” Tulimbembeleza akakataa katakata, Marlys akaingia jikoni akalia, na mimi nilisimama pale kama gogo, nikijua gari ni zima na liko mtaa wa pili.

Nimeshapata mtu wa kununua tarumbeta yangu, nafikiria niiuze kimyakimya nilipe yote yaishe, au unasemaje, Bi. Verna, maana nikianza kudai leo kila mtu atajua kwamba sikuwahi kuelewa kitu.

Ni mimi,
Mwitikiaji

*

Ndugu Mwitikiaji,

Pole. Nimeshasema pole, sasa nisikilize.

Tuanze na Gordie, maana lake ndilo jepesi. Gereji zina kitabu kinachosema kazi fulani inachukua saa ngapi, na mteja hulipishwa saa za kitabu hata fundi akimaliza mapema. Hilo usiligombee. Fundi mwepesi haadhibiwi kwa wepesi wake. Lakini kazi mbili zikipitia mlango mmoja, mlango unalipiwa mara moja, na ile kazi ya pili unailipia muda wake mdogo wa nyongeza tu. Nimewauliza mafundi wawili wasiowajua nyinyi. Mmoja alicheka, mwingine alitukana, na wote wameniambia hivyo hivyo. Mkanda wenyewe utaulipia, bwana. Uliambiwa, ukasifu.

Je, Gordie ni mwizi? Huenda. Huenda pia kazi mbili ziliingizwa kwenye kompyuta, ikajumlisha, na yeye hakutazama. Mimi naelemea huko, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyekuambia kwamba walikuwa wameshafungua, na mtu aliyekusudia kukuibia hakuonyeshi dirisha aliloingilia. Hujui ni lipi kwa kuwa hukuuliza. Kuuliza si ujinga, na wewe ni mwalimu, nadhani umewaambia wanafunzi wako hivyo mara nyingi.

Sasa twende kwako. Tarumbeta! Yaani uuze kitu unachokijua ili watu waendelee kudhani unajua usichokijua? Hebu acha. Na huyo Marlys unayemficha ni binti wa Metro, amekulia juu ya trekta. Unadhani miaka yote hii hajagundua kwamba kukueleza wewe injini ni kumpigia mbuzi gitaa? Anajua, kaka. Alikubali kuolewa na mwalimu wa muziki, macho yake yakiwa wazi. Kitakachomuuma ni hiyo spea ya Winnipeg, na kwamba baba yake alivua koti wakati wewe unalinda sifa ambayo hukuwa nayo. Kwa hilo nimekukasirikia kweli, na yeye atakasirika zaidi. Mwache akasirike. Mwambie leo, kabla ya chakula, na usijitetee.

Kesho asubuhi nendeni kwa Gordie wote wawili, mapema, kabla gereji haijajaa watu. Usianze na maneno ya wizi. Mji ni mdogo na msimu wa mawe haujaisha. Mwambie, “Gordie, mimi magari siyajui. Nieleze, injini mliifungua mara ngapi?” Kisha nyamaza. Usiitikie. Najua kichwa kitakuwasha, kishike kwa mikono ikibidi. Kama ni muungwana atatoa kalamu arekebishe, na nyinyi mtalipa kilicho haki mrudi nyumbani na gari. Na safari nyingine, kabla fundi hajagusa kitu, taka makadirio kwa maandishi, na mwambie asiongeze kazi yoyote bila kukutajia bei yake kwanza.

Akikataa, lipa, andika kwenye bili yake kwamba umelipa huku unapinga, chukua gari, halafu peleka malalamiko kwa ofisi ya jimbo inayolinda wateja. Na wala msingoje mabishano yaishe kama siku ya hospitali imefika. Lipeni pesa yote hiyo, mzee apelekwe, mgombane baadaye. Dola iliyozidi inadaiwa na hurudi. Damu ya mzee isiposafishwa hakuna ofisi mtakayoidai. Metro mwenyewe mwambieni waziwazi kwamba yeye si mzigo, gari lilikuwa zima na mkwewe ndiye aliyelikwamisha. Ana haki ya kujua, na nahisi atakucheka kabla hajakusamehe.

Jambo la mwisho. Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba, lakini ndugu yangu, mji wenu una walimu wa muziki wangapi? Ndiyo maana nimekutumia jibu hili mapema kwa barua pepe. Gazeti linatoka Jumatano, na mkeo ni msomaji wangu. Fanya akilifungua awe anacheka.

Bi. Verna