Shati la Alhamisi

Shoga, uko? Nimeumbuka kwenye darasa la uandishi.

Si unaijua ile hadithi yangu fupi ya mume mpole? Nimeisoma mbele ya wote. Mwalimu akanikatiza: "Hadithi fupi haibebi kitu cha bure. Huyu mume anayefua shati lake mwenyewe kila Alhamisi akirudi, kabla hata hajasalimia, hilo shati lina kazi gani?"

Nikaropoka: "Halina kazi, mwalimu. Ndivyo mume wangu alivyo."

Darasa zima likageuka kunitazama! Yule mama fundi cherehani anayekaa pembeni yangu akanishika mkono kama niko msibani. Msibani, shoga!

Na mimi miaka yote naringa kwamba mume wangu hanichoshi!

Leo Alhamisi. Nimesimama mlangoni kwangu, ufunguo mkononi, na ndani nasikia mtu anafua.