Mashine Isiyongoja

Jumanne, 14 Mei

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Kifua cha mama kimepona, naye anauliza kama unakula vizuri. Leo nimejiahidi kukueleza yote, hata yanayoniaibisha.

Jana mwalimu wa kompyuta alitupa kazi ya kuweka programu za mtihani kwenye mashine nne kuukuu. Taabu tupu! Programu moja ina maelfu ya mafaili madogo, na mashine huandika faili moja, ikangoja diski ithibitishe kwamba imelihifadhi, ndipo ishike jingine. Nusu ya kipindi ilipita tukiwa asilimia tisa. Wenzangu, wanaojua wewe ni fundi wa kompyuta, wakasema dada wa fundi kaleta kobe, na mtihani tutaufanya tukiwa na wajukuu.

Nikafungua daftari ulilonipa, nikaandika kwenye mashine yangu ile amri yako ya kuifanya isingoje diski. Dakika sita, kazi kwisha! Wakanipigia makofi, na mwalimu akasema maji hufuata mkondo.

Makofi hayajatulia, kengele ikalia. Mama wa usafi akaingia, akachomoa waya wa mashine zote ili achomeke ya kusugulia sakafu. Tulipowasha tena, tatu ziliendelea zilipoishia. Yangu iligoma, mwalimu alikuta majina ya mafaili tu, ndani matupu. Akamfokea mama wa usafi mbele yetu. Mama wa watu alijibu tu kwamba huuchomoa waya huo kila Jumatatu na hajaua mashine hata moja. Ijumaa ataitwa kwa mkuu wa shule, na huenda akaachishwa kazi.

Kaka, alisema kweli, nami nilinyamaza. Chini ya ile amri uliandika kwa wino mwekundu kwamba isitumiwe pale ambapo umeme hauna uhakika, kwani ukikatika, yasiyofika kwenye diski hupotea. Onyo hilo nililisoma. Nikalifunika kwa kiganja, mwenzangu asilione.

Msalimie wifi, na mtoto umbebe kwa niaba yangu.

Mdogo wako akupendaye.

N.B. Jirani aliyekuletea barua hii anarudi Alhamisi. Tafadhali mpe jibu. Kusema nitasema, hilo nimeshaamua. Ila nianze kwa nani: kwa mwalimu, anayeweza kuninyang'anya ufunguo wa chumba cha kompyuta, au kwa mama wa usafi, ambaye leo asubuhi alinisalimia kama kawaida na kuniuliza kama mama amepona?