Vyombo vya Nyambura

Jumatatu, 3 Machi

Gunia zima la viazi limemenywa hotelini kwangu kabla ya saa mbili. Mikono yangu ni mashine. Kiganjo yote inajua mukimo, viazi vyetu vya kuponda, laini kama wangu hakuna, na wale wazungu wa jeshi niliowapikia Nanyuki miaka sita wangeshuhudia kama wangejua Kiswahili. Siri ni karatasi ya nailoni. Unafunika viazi nayo ndani ya sufuria, mvuke hautoki, vinaiva kama mchezo. Nyumbani pia napika hivyo, nikiimba. Nyambura amekula hiyo siri tangu nimuoe, miaka mitano.

Leo alienda kliniki Nyeri, mambo ya kutafuta mtoto. Akarudi na orodha ameandika kwa mkono. Nesi amesema tupunguze: chakula moto kwa plastiki, marashi makali, dawa ya kulainisha nywele, dawa ya mende ya kupuliza ndani ya nyumba. Ati hizo vitu zinaweza kuvuruga homoni. Huenda si hizo zimetuzuia, lakini kupunguza hakudhuru.

Mstari wa mwisho: mume aje apimwe.

Nikamwambia simba hapimwi. Hakucheka.

Jumanne, 4 Machi

Jikoni ni kama wezi wamepita. Sahani, mitungi, mikebe ya mafuta tuliyokuwa tunawekea supu, yote ya plastiki Nyambura ameitoa nje. Na chupa zangu tatu za marashi kutoka Nanyuki. Nimezizika kwa heshima zote.

Kumbe kuna shida kubwa kuliko marashi. Jumamosi ni zamu yake ya chama. Kila mwezi akina mama kumi na wawili wanaenda kwa mmoja wao na kumpelekea vyombo. Vyake walivichagua Desemba: sahani, ndoo, mabeseni, mitungi, yote plastiki. Akikataa watauliza kwa nini. Akieleza, maneno yataanza upya. Mwenyekiti wao, Mama Ndirangu, alishasema nje ya kanisa ati vyombo vya nyumba hii vitamlisha nani.

Nyambura alinionyesha daftari la chama. Wote ni Mama fulani. Yeye peke yake ni Nyambura.

Miaka hii yote sikuwahi kuliona hilo. Imeniuma.

Jumatano, 5 Machi

Nimepika bila nailoni. Kifuniko cha bati, jiwe juu. Viazi viligoma.

"Chef, leo tunakula changarawe?" mteja mmoja akauliza.

Nikamwambia ni mapishi ya Ufaransa. Akamaliza sahani, akaongeza.

Lakini siku nzima nilikuwa na kitu kifuani. Mkono uliofunika hiyo sufuria kwetu ni wangu. Nesi hakusema ni hiyo. Mimi ndiye ninajisemea.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeenda Nyeri kupimwa. Kikopo kidogo, chumba kidogo, kalenda ya ng'ombe wa maziwa ukutani. Nimekutana na majenerali maishani, lakini yule ng'ombe aliniangalia hadi nikainamisha kichwa.

Ijumaa, 7 Machi

Majibu. Mbegu ni chache, na hizo chache zina uvivu.

Nesi alinieleza polepole kama mtu aliyebeba mayai. Ati si mwisho. Mwili hutengeneza nyingine. Niache sigara, tuendelee na hayo ya nyumbani, nirudi baada ya miezi mitatu. Hakuahidi kitu.

Nilikaa sokoni saa nzima nikiangalia kabeji.

Nilimwambia Nyambura jikoni, macho yangu yakiwa kwa moto. Aliweka mkono shingoni mwangu. Mimi nilitaka maneno.

Jumamosi, 8 Machi

Walikuja saa nane mchana wakiimba, mabeseni kichwani, rangi zote. Nyambura alisimama mlangoni akitabasamu kwa meno tu. Alifungua mdomo, nikajua anataka kujitwika mzigo wote mwenyewe. Nikamtangulia.

"Akina mama, Mungu awabariki. Lakini hizo vitu rudisheni dukani."

"Ati nini?" Mama Ndirangu alisimama katikati ya uwanja. "Chef, kwani siku hizi mnakulia kwa dhahabu?"

"Tunatafuta mtoto. Tumeambiwa tupunguze plastiki. Na shida iko kwangu. Si kwa huyu msichana. Nimepimwa."

Kuku tu ndio waliendelea na mambo yao.

Mama Ndirangu alishusha beseni. Akamwangalia Nyambura muda mrefu.

"Na sisi tulikuwa tunakusema wewe," akasema. Halafu akanigeukia. "Na wewe! Kelele zote hizo za Nanyuki!"

Walicheka hadi wengine wakaketi nyasini. Nami nikacheka, ingawa masikio yalikuwa yanawaka. Mama Ndirangu alimshika Nyambura mkono, akamkalisha kwa kiti changu, kile kizuri. Walisema wataenda kubadilisha vyombo. Sufuria, vikombe vya bati, sahani za udongo.

Walipokuwa wanaondoka, Mama Gathoni, yule mkimya, alinifuata nyuma ya jiko. Akauliza kwa sauti ya chini hiyo kliniki iko upande gani wa mji. Ni kwa ajili ya kijana wake. Bibi ya huyo kijana walimrudisha kwao Kianyaga mwaka jana kwa kukosa mtoto. Kijana hajawahi kupimwa.

Nikamchorea njia kwa kipande cha katoni. Alikikunja vizuri, akakificha ndani ya leso.

Jumapili, 9 Machi

Mvua ya mlima tangu asubuhi. Hatukuenda kanisani.

Nyambura alikuwa anatoa minji kwenye maganda. Akaniambia bila kuinua macho kwamba yeye alipimwa mwaka jana, mwezi wa nane. Alikuwa sawa. Hakuniambia mimi wala hao wanawake. Aliwaacha waseme.

Nikamuuliza kwa nini.

"Ungeacha kuimba ukipika," akasema.

Nilivuta kigoda, nikachukua nusu ya minji. Tumeitoa maganda yote. Mguu wake uko juu ya wangu. Bado inanyesha.