Jibu la Baba kwa Bibi Fumiko

Mofu, 3 Machi 2025

Mwanangu Agnella,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila mama yako magoti yanamsumbua. Vipi baridi ya Hiroshima?

Unasema bibi yake mchumba wako anataka kujua nasemaje juu ya bomu lililoangushwa hapo, kabla sijaja kukukabidhi harusini. Nasema kweli. Mwaka 1979 tuliingia Uganda vitani kwa miguu, mimi na kaka yangu Ponsiano. Nilimzika Lukaya, nusu ya mwili tu. Wamarekani walikuwa na njia nyingine, wakaitumia, vijana wao wakarudi kwa mama zao. Tungekuwa na bomu hilo sisi, ningeliangusha mwenyewe.

Baba yako,
Silvano

Hiroshima, 20 Machi

Baba, shikamoo. Mpe mama pole.

Nimeharibu. Si kwetu barua ya mzee husomwa mbele ya wote? Nikaketi na familia ya Satoru, nikawa natafsiri huku nasoma. Kuja kushtuka, neno "ningeliangusha mwenyewe" limeshanitoka. Siku ya bomu Bibi Fumiko alikuwa na miaka minane. Mdogo wake wa miaka minne aliomba maji mpaka jioni, akafa hajapewa. Huyo alikuwa askari, baba? Nimekukasirikia sana.

Bibi anauliza: huko Uganda hukuona watoto?

Jibu vizuri, tafadhali. Nataka uje.

Binti yako,
Agnella

Mofu, 14 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Mama yako hasemi nami tangu asome barua yako, kwa hiyo afya yake muulize mwenyewe.

Mwambie bibi niliwaona. Huko Mpigi mama mmoja alitupa maji ya kunywa, ana mtoto mgongoni. Bomu lingemuunguza yeye na mwanawe, na Ponsiano angerudi. Ni dhambi, najua, padri asijisumbue. Lakini msinilazimishe kusema ningemtoa kaka yangu. Mdogo wake bibi nimemlilia. Jibu zuri kuliko hilo sina.

Baba yako

Hiroshima, 2 Mei

Baba, shikamoo.

Safari hii nilisoma kwanza peke yangu. Nilitaka kupunguza maneno, nikaona aibu, nikamsomea yote. Bibi akasema, "Hadanganyi. Ningeulizwa mimi siku ile, ningeichoma nchi yake yote ili mdogo wangu apate maji." Nikafurahi, nikidhani yamekwisha. Akaongeza, "Tungechomeana ndugu. Kwa hiyo siwezi kukaa naye meza moja."

Nyumba ya harusi ni yake, na Satoru hambishii bibi yake, kama sisi tu. Harusi ni tarehe kumi. Nitakabidhiwa na mwalimu wangu wa chuo.

Usije, baba.

Agnella