Mama Zaina, Binti Yako Amejibu Mwenyewe

Mama Zaina,

Mistari ya barua hii inapanda na kushuka kama matuta ya viazi. Ungekuwepo ungesema, "Mwalimu, leo zamu yako kusahihishwa." Nisahihishe tu. Sina siku nyingi, na kuna jambo nataka kulikiri nikiwa bado na pumzi: najivuna. Chuoni, enzi za Mwingereza, tulifundishwa kwamba majivuno ni aibu kwa mwalimu. Basi aibu hiyo naibeba. Najivunia binti yako.

Unakumbuka ulivyoanza kuja kwenye kisomo cha watu wazima, tulipokuwa ndiyo kwanza tumehamia kijijini, nyumba bado zinanuka nyasi mbichi? Ulimbeba Zaina mgongoni, mtoto mkubwa wa kwenda shule, kwa sababu hukuwa na wa kumwachia. Hasemi, mikono haitulii. Watu walisema akili haimo. Wewe ukaniambia, "Mwalimu, huyu anasoma. Tazama macho yake yanavyofuata ubao." Chaki hakuweza kuishika. Ukasokota katani, ukashona herufi zote juu ya gunia, kila moja kubwa kama kiganja, ili azigonge kwa ngumi. Alianza na MAJI. Halafu UJI. Halafu SITAKI, na hilo likawa neno lake la kila siku. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Lakini kijiji hakikuamini. "Mama mtu ndiye anayesema," walinong'ona, maana gunia ulilishika wewe. Mwalimu mkuu akakataa kumwandikisha shule. Hivyo hivyo mpaka siku ile tulipokuwa tukipukuchua mahindi ya shamba la kijiji.

Mzee Mihayo, yule Mnyamwezi aliyeletwa na kazi za katani akazeekea kwetu, alikuwa mtani wa Wazigua wote na hakumsaza mtu. Akamgeukia Zaina: "Huyu mchumba wangu. Mke asiyesema ndiye mke! Mama mkwe, nitajie mahari." Watu wakacheka. Zaina akaanza kugonga gunia. Nami nikasoma kwa sauti, neno kwa neno, kabla sijajua ninasoma nini: KWANZA OTA MENO.

Mzee Mihayo hakuwa na jino hata moja kinywani.

Nawe, uliyekuwa ukipiga goti kumwamkia mzee yeyote, ulivuta kanga ya begani ukalifunika gunia lote. "Shikamoo mzee wangu, nisamehe, sikumfundisha mimi haya!" Hapo ndipo kijiji kilipoamini. Kila mtu alijua kuwa wewe usingetamka vile hata kwa homa. Mihayo akajitupa chali juu ya magunzi. "Nimekufa! Wazigua, nizikeni! Na mnaosema hana akili, asiye na akili hatanii. Huyu ni mtani wangu halali!" Wiki ile ile Zaina akaandikishwa shule.

Sasa nikupe habari za baada yako. Arobaini yako ilipokwisha, shemeji yako alikuja kutoka Korogwe na mipango tayari: Zaina ahamie kwake mjini. Si mtu mbaya. Alikuwa amekwisha kumtafutia hata godoro. Ndugu wakaafiki, wakaanza kufunga vyombo. Nilikuwa mkekani nikikusanya nguvu za kusimama nimtetee. Kumbe hazikuhitajika. Zaina aliupiga mkeka ngumi moja, wote wakageuka. Shemeji yako akamtazama, akalivuta gunia mwenyewe, akalitandaza mbele yake. "Mwanangu, tumesema sisi tu. Wewe unasemaje?"

Laiti ungeuona ule ungojaji! Watu wazima wote wameliinamia gunia, wanamngoja Zaina wako. Akagonga: NABAKI. NINA WANAFUNZI.

Ni kweli. Mama mmoja wa Mazinde amemleta mwanawe asiyesema, na mwingine wa jirani akamfuata. Zaina anawafundisha kwa gunia lako. Niliwasomea maneno yale. Shemeji yako akainama akafungua vyombo. "Mwalimu amejibu," akasema. Nikageuka, nikidhani ananiita mimi.

Nakuahidi, mama, nitaendelea kuwasomea watu maneno yake bila kutia la kwangu, mpaka macho yanigomee. Yule mama wa Mazinde anajifunza kunipokea kazi hiyo.

Jana nilimwambia Zaina kwamba karibu nitakufuata, kama ana neno anitume. Alifikiri kidogo. Kisha akagonga, polepole, nisikose hata herufi:

MWAMBIE ASININGOJE UPESI. KAZI NYINGI.

Nimefikisha. Pumzika, Mama Zaina.

Mwalimu wako wa kisomo